Kuku Namba Kumi na Saba

Nchi ya Utulivuni haimo kwenye ramani, na wachora ramani wameombwa kwa barua rasmi wasiiweke. Yaliyotokea huko nayasimulia kama nilivyoyapokea, bila nia mbaya kwa mtu yeyote, hasa kwa Wizara ya Mifugo na Matumaini, ambayo imefanya kazi kubwa.

Mwaka huo mahindi yaliadimika. Serikali ilifafanua kwamba hayakuadimika, bali yalikuwa yamechelewa kidogo kuonekana. Watu walivumilia, kwa kuwa watu wa Utulivuni wamezoea. Lakini kuku wa nyama ana wiki sita tu za kuishi duniani, na hana muda wa kuvumilia. Wafugaji wakaanza kunung'unika, kwanza majumbani, halafu sokoni.

Basi siku moja Kiongozi Mkuu akiwa ziarani, gari lake lilisimama kando ya kiwanda cha kukoboa kahawa ili apate kunyoosha miguu. Hapo aliona kuku wawili wa kienyeji wakipekua lundo la makapi ya kahawa. Aliwatazama, akasema, "Kumbe wanakula." Kisha akarudi garini. Wale kuku walikuwa wakitafuta wadudu, lakini hakuna aliyewauliza. Mawaziri kumi na mmoja waliokuwa kwenye msafara waliandika maneno yale mawili, na kufikia alasiri yalikuwa yameshakuwa Sera ya Taifa ya Chakula Mbadala cha Kuku, yenye kurasa tisini na dibaji.

Sera ilihitaji utafiti wa kuithibitisha. Utafiti ukapelekwa kwenye Kituo cha Taifa cha Chakula cha Kuku, na huko ndiko alikokuwa akifanya kazi Obadia Machupa.

Obadia alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kilo sitini na mbili na kikohozi cha miaka mitatu. Cheo chake kilikuwa Mhudumu wa Muda, na alikuwa amekishikilia kwa miaka kumi na tisa. Alifagia banda, alibadilisha maranda ya sakafuni, aliwasha taa za joto za vifaranga. Nyumbani alikuwa na mkewe, Mama Tuzo, ambaye naye alifuga kuku wa nyama themanini nyuma ya nyumba. Mahindi yalipotoweka, mama huyu hakuandika dibaji. Alikusanya maganda ya muhogo kwa majirani, akayakatakata na kuyaanika kwenye jua kali siku nne ili sumu iishe, akayatwanga, akachanganya na mashudu ya alizeti. Kwa kuwa dagaa nao walikuwa hawapatikani, alifuga funza kwenye ndoo za mabaki ya jikoni, akawakausha kwenye bati. Kuku wake walinenepa hata wakawa wanatembea kwa kuyumba kama wabunge.

Obadia alijaribu mara moja kumweleza Mkurugenzi wa Kituo, Daktari Kalikawe, juu ya mchanganyiko wa mkewe. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba suala la funza lilishajadiliwa ngazi za juu, na ikaonekana kuwa funza wanaharibu sura ya nchi. Kumiliki funza bila kibali lilikuwa kosa, na ofisi ya kutoa vibali ilikuwa haijaundwa.

Jaribio likaanza na vifaranga arobaini, kila mmoja na pete ya plastiki mguuni yenye namba yake. Walipewa makapi ya kahawa na maji. Kanuni ya tisa ya jaribio ilisema mhudumu ataonja chakula kila asubuhi kabla ya kuku, ili kuku wasije wakadhurika. Obadia akawa anaonja kijiko kimoja kila siku na kutia sahihi. Alisema yana ladha ya mkeka.

Vifaranga hawakukua. Jambo walilofanya kwa bidii ni kukaa macho. Siku nne mfululizo hakuna aliyelala, walisimama tu wakitazama ukuta kwa makini, kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye usaili. Kufikia wiki ya tatu walikuwa na wastani wa gramu mia mbili na hamsini, wakati kuku wa Mama Tuzo wa umri huo walikuwa wamefikia karibu kilo nzima.

Hapo ndipo mkwe wa Mkurugenzi alipopita kusalimia. Kituoni hapakuwa na kitoweo. Kuku mmoja tu ndiye aliyekuwa na dalili za nyama, naye alikuwa Namba Kumi na Saba. Mkwe alimsifu huku akitafuna, akasema ana harufu nzuri ya kahawa, akaondoka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupima uzito, na sasa niwatambulishe Bi Mwanakheri, afisa takwimu. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Katika miaka ishirini na saba ya utumishi hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake, na ndiyo sababu hakuwahi kupandishwa cheo. Alihesabu kuku, akapata thelathini na tisa. Mkurugenzi alimshauri aandike tu uzito wowote kwenye mstari wa kumi na saba. Bi Mwanakheri alijibu kwamba haandiki uzito wa hewa. Mkurugenzi akapendekeza wanunue kuku mwingine. Bi Mwanakheri akamwonyesha kanuni ya pili: kila aliyemo kwenye jaribio awe amekula makapi tangu siku ya kwanza.

"Mwenye sifa hiyo nje ya hawa thelathini na tisa," alisema, "ni huyu mhudumu peke yake. Sahihi zake hizi hapa."

Yeye alisema hivyo ili kuonyesha kwamba jambo haliwezekani. Mkurugenzi alisikia kwamba linawezekana. Alimgeukia Obadia, aliyekuwa akifagia karibu na mlango.

"Ndugu Machupa, una pingamizi lolote na kuvaa pete?"

Mhudumu wa muda hana pingamizi. Obadia aliweka ufagio chini. Pete ya kuku haikupita mguuni, ikaingizwa kwenye kidole kidogo cha mkono kwa sabuni. Akapanda mizani. Bi Mwanakheri aliona sitini na mbili kwa macho yake, akaandika sitini na mbili. Wastani wa jaribio ukapanda kutoka gramu mia mbili na hamsini hadi kilo moja na gramu mia saba tisini na nne. Kuku wa wiki tatu mwenye uzito huo hajapata kuonekana popote duniani.

Ili mambo yaende kwa utaratibu, jina la Obadia lilifutwa kwenye orodha ya watumishi na kuingizwa kwenye orodha ya kuku, kwa sababu mtu hawezi kuwa kwenye orodha mbili. Alitakiwa kuishi bandani hadi siku ya arobaini na mbili.

Mama Tuzo alipopata habari alikuja hadi kwenye wavu na sufuria la ugali na mchicha ndani ya kanga. Alimtazama mumewe akiwa ameketi kwenye maranda safi.

"Baba Tuzo, sasa wewe ni kuku?"

"Ni kwa muda tu," alisema Obadia.

"Hata uhudumu ulikuwa wa muda."

Alimpitishia chakula chini ya wavu, na akaendelea kufanya hivyo kila adhuhuri. Hakulia. Alikuwa mwanamke wa kufanya mambo kwanza. Lakini Obadia aliona jinsi alivyokuwa akiondoka haraka bila kugeuka, akajua.

Haki itendeke: maisha ya kuku wa serikali yalikuwa na nafuu zake. Bandani umeme haukukatika, kwa kuwa kulikuwa na jenereta. Maji yalitoka siku zote. Kila Jumanne alikuja daktari wa mifugo, wakati zahanati ya mji haikuwa na daktari tangu mvua za mwaka juzi. Daktari alisikiliza kifua cha Namba Kumi na Saba, akatia dawa kwenye maji, na kikohozi cha miaka mitatu kikaisha kwa siku sita. Mama Tuzo alipomsikia mumewe anapumua vizuri, aliuliza kama kuna nafasi nyingine, maana Tuzo naye ana kikohozi.

Huko nje, takwimu za wiki ya tatu zilifika wizarani, na wizara haikutaka kusubiri wiki ya sita. Ilitangazwa kwamba kuku wote wa Utulivuni walishwe makapi ya kahawa na si kitu kingine. Wakaguzi wa Makapi wakaajiriwa na kupewa mabuti. Walipita nyumba kwa nyumba wakinusa vinyesi vya kuku, na kinyesi kilichonukia kahawa waliandika kuwa ni cha kizalendo.

Mama Tuzo aliweka magunia mawili ya makapi mlangoni na kumwaga mengine kidogo kuzunguka banda. Ndoo za funza alizihamishia uvunguni mwa kitanda. Wakaguzi walikuta makapi, wakakuta na kuku wenye kilo mbili na zaidi. Walifurahi, wakaandika jina lake kwenye orodha ya Wafugaji wa Mfano. Majirani hawakuwa na bahati hiyo. Mzee Lugendo, wa nyumba ya tatu, alitii agizo kwa moyo wake wote, maana aliwahi kuwa tarishi wa serikali. Kuku wake mia mbili walisimama wakitazama ukuta kwa siku kumi na moja, wakafa wamesimama.

Habari hizo Mama Tuzo alizifikisha kwenye wavu pamoja na ugali. Obadia alirudisha tonge kwenye sufuria. Alifanya hesabu kichwani: kama yeye asingepanda mizani, wale thelathini na tisa wangeonyesha wazi kwamba makapi hayafai. Kuku wa Mzee Lugendo waliuawa na kilo zake sitini na mbili. Akamwambia mkewe kwamba siku ya arobaini na mbili, Waziri akija kupokea matokeo, atasema ukweli mbele ya watu.

"Sema," alisema Mama Tuzo. "Lakini kwanza kula."

Kulikuwa na jambo moja dogo. Kanuni ya kumi na mbili ilisema siku ya mwisho kuku wote watachinjwa na kupimwa nyama. Obadia alimuuliza Mkurugenzi, naye akamtuliza kwamba atachinjwa kwa maandishi tu. Bi Mwanakheri akasema haandiki kuchinjwa asikokuona. Wakatazamana. Mkurugenzi akapendekeza aandikwe amekufa kwa ugonjwa, kisha akakumbuka kwamba akifa uzito wake utatoka, na wastani utarudi kuwa gramu mia saba. Mwanasheria wa wizara alipoulizwa aliandika kwamba sheria inakataza kumchinja mtu na inakataza kutomchinja kuku, kwa hiyo suala liko wazi. Siku tatu za mwisho Obadia naye hakulala, ingawa alikuwa hali makapi zaidi ya kijiko.

Siku ikafika. Mahema yalifungwa, kwaya ikaimba wimbo wa makapi beti saba. Bi Mwanakheri alipima mbele ya umma: kuku thelathini na tisa wenye gramu mia saba mia saba, na mmoja wa kilo sitini na mbili. Wastani, kilo mbili na gramu mia mbili thelathini na mbili. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wamesimama nyuma yao.

Mheshimiwa Waziri alisimama. "Ndugu wananchi," alisema, "wapo waliobeza. Walisema makapi ni takataka. Leo nawauliza, nani sasa ni takataka?" Kisha akaomba aletewe kuku bora wa taifa amwone.

Obadia alitembezwa hadi mbele, maranda yakiwa kwenye nywele. Alimwona Mama Tuzo kwenye viti vya Wafugaji wa Mfano, amevaa gauni lake la kanisani. Akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri, mimi si kuku. Naitwa Obadia Machupa, nilikuwa mhudumu hapa. Ukinitoa mimi, waliobaki wana gramu mia saba. Makapi hayafai. Kuku wa watu wanakufa."

Mkurugenzi aliangalia viatu vyake. Waziri alitulia kwa muda ule ambao mtu hutumia kutafuta ukurasa, kisha uso wake ukang'aa.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Wiki sita tu, na anazungumza lugha ya taifa kwa ufasaha. Tena anaikosoa serikali. Niambieni nchi nyingine ambayo kuku wake wana uhuru huu."

Makofi yalikuwa marefu kuliko ya kwanza. Obadia alibaki na kipaza sauti mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu avishwe pete alihisi kwamba huenda kweli akachinjwa. Mtu wa kisu alikuwa ameshaanza na Namba Moja.

Ikafuata zawadi. Mfugaji wa Mfano wa kwanza alikuwa Mama Tuzo, na zawadi yake ilikuwa kuku mmoja wa jaribio, yeyote atakayemchagua, akiwa hai. Waziri alimshika mkono, akamwonyesha vizimba vya kuku waliokuwa bado hawajachinjwa. Mama Tuzo hakuvitazama.

"Namtaka Namba Kumi na Saba," alisema.

Mkurugenzi alikohoa, akasema huyo ni mbegu ya taifa. Mama Tuzo akamuuliza Waziri, kwa heshima zote, kama neno lake "yeyote" lilikuwa na maana nyingine. Mbele ya watu wote hao Waziri hakuweza kusema lilikuwa nayo. Hati ikaandikwa: kuku mmoja, hai, mkubwa. Masharti yalikuwa mawili. Asilishwe kitu ila makapi, na apimwe uzito kila mwezi kwa ajili ya kumbukumbu. Mama Tuzo alitia sahihi, akamshika mumewe mkono, wakatembea hadi nyumbani. Walipofika alimtolea ile pete kwa mafuta ya kula, ikatoka na ngozi kidogo, na hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini wale thelathini na tisa walikuwa wameshaliwa na wageni wa heshima, kwa hiyo jaribio lilibaki na kuku mmoja tu. Mwezi uliofuata Bi Mwanakheri alikuja na mizani kwenye kapu la baiskeli. Obadia alikuwa amekula vizuri, akaonyesha kilo sitini na nane. Huo ndio ukawa wastani wa taifa. Mchoro uliotundikwa wizarani ulipanda hadi ukatoka kwenye karatasi, ikabidi uendelezwe ukutani. Wakaguzi wakaongezwa maradufu.

Mama Tuzo alikuwa ameanza kuwafundisha majirani namna ya kuanika maganda ya muhogo na kufuga funza. Mzee Lugendo alijifunza haraka, ila hakujua kuficha, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kuficha kitu. Alikamatwa na ndoo nusu ya funza, akawekwa ndani siku kumi na nne akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Alipotoka, Obadia alikwenda kumpa shikamoo na pole. Mzee alimwambia asijali, chakula cha mahabusu kilikuwa si kibaya, kisha akageuza uso ili Obadia asione meno mawili yaliyokosekana.

Siku hiyo Obadia alirudi nyumbani akasogeza sahani pembeni. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba kila tonge analokula linakwenda kukaa kwenye ule mchoro ukutani. Alikuwa amesema ukweli kwa mdomo, ukapigiwa makofi. Sasa angeusema kwa mizani.

Mama Tuzo alibishana naye siku mbili, siku ya tatu akaacha. Alimpikia uji mwepesi mara moja kwa siku na kusimama mlangoni mpaka aumalize. Mwezi wa kwanza Obadia alikuwa na kilo sitini na moja. Wa pili, hamsini na sita. Suruali ilifungwa kwa kamba, Tuzo akawa anamsaidia kunyanyuka kitini. Wizara ilituma barua kuuliza kama mizani ni mbovu. Bi Mwanakheri alijibu kwamba mizani ni nzima. Mwezi wa tatu ikasoma arobaini na tisa. Alimtazama Obadia kwa muda mrefu juu ya miwani, akaandika arobaini na tisa.

Mchoro ukutani sasa ulielekea sakafuni, na viongozi wa Utulivuni wanaweza kustahimili mengi lakini si mstari unaoteremka. Wiki nne baadaye redio ilitangaza kwamba makapi ya kahawa yamefikia malengo yake kabla ya wakati, na wafugaji wako huru kulisha kuku wao vyakula vya kawaida. Mchoro ulipakwa chokaa. Funza hawakutajwa, waliendelea kuwa kosa.

Adhuhuri ya siku hiyo Mama Tuzo alichinja kuku wawili. Obadia alikaa mezani akala taratibu, kwa kuwa tumbo lilikuwa limesinyaa, akipumzika kila baada ya matonge matatu. Mzee Lugendo alikuwapo, akitafuna upande wa kushoto. Wakiwa katikati ya chakula, Bi Mwanakheri akabisha hodi na mizani yake. Ilikuwa tarehe ya kupima, na hakuna aliyemwandikia aache. Akapima, akapata arobaini na sita kasoro robo, akaandika. Mama Tuzo akamvutia kiti.

Bi Mwanakheri alitazama lile paja kwenye bakuli, nene, lenye mafuta, akauliza kuku wale wamelishwa nini.

Mama Tuzo alimtazama mumewe, kisha akamweleza yote bila kuruka kitu: maganda ya muhogo, siku nne za jua, mashudu, na wale funza, kiasi gani kwa ndoo. Bi Mwanakheri aliuliza maswali mawili ya vipimo, akajibiwa. Akafungua daftari, akaweka ncha ya kalamu kwenye safu ya chakula, akaiacha hapo kwa muda.

Halafu akaifunika kalamu, akanawa mikono, akaomba apewe lile paja.